Kuchangia Sayansi Katika Chuo Ulikosoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahitimu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Sisi ni wahitimu wa sayansi tuliosomea vyuo vya ukanda huu: Njoro, Maseno, Kakamega, Bondo na Bungoma. Kila msimu wa mahafali ukikaribia, simu huanza kuita na maswali huwa ni yaleyale. Tumeyajibu hapa kadiri tunavyoyaelewa. Msimamo wetu hatuufichi: maabara hufa kwa kukosa vitu vidogo, na mhitimu anayetoa kidogo kila mwezi baada ya kumsikiliza fundi wa maabara ana faida kuliko anayeleta mashine moja yenye bamba la jina lake.

Kodi nalipa, na chuo ni cha serikali. Kwa nini nichange tena?

Ni swali halali, na hatutaki mtu achange kwa kuonewa aibu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Yeyote aliyeingia maabara ya mwaka wa kwanza hivi karibuni anajua umbali uliopo kati ya karatasi na meza. Mwaka 2023 ukaja mtindo mpya wa kufadhili vyuo, ambapo pesa humfuata mwanafunzi kwa kuangalia uwezo wa familia yake. Kesi zake zimefika mahakamani, na wakati wakubwa wanabishana, mkuu wa idara anatafuta pesa za asidi. Bajeti ikikatwa, mishahara na umeme hulipwa kwanza. Maabara hungoja.

Jambo la pili ni kwamba desturi hii si ngeni kwetu. Chuo cha Masinde Muliro kule Kakamega kilianza mwaka 1972 kama WECO, chuo cha harambee, kikasimama kwa michango ya watu wa Magharibi wakati ambapo wengi wao hawakuwa na mtoto wa kupeleka. Kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo cha Egerton kule Njoro nacho kilianza mwaka 1939 kwa ukarimu wa mtu mmoja, Lord Maurice Egerton, ingawa nia ya wakati ule ilikuwa kuwafundisha kilimo vijana wa Kizungu tu. Leo anayeketi katika madarasa yale ni mtoto wa mkulima wa Molo au Subukia. Mchango ukishatoka mkononi huweza kufika mahali ambapo mtoaji hakupafikiria kabisa.

Kuchangia hakukuzuii kuidai serikali haki. Fanya yote mawili.

Maabara zinakosa nini hasa?

Wengi hutarajia tutaje mashine za mamilioni. Ukweli ni mdogo kuliko huo, na unaudhi zaidi.

Chukua zoezi la kupima ukali wa asidi kwa bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, ambalo kila mwanafunzi wa kemia hulifanya. Bureti zikivunjika bila kununuliwa nyingine, wanafunzi sita hukusanyika kwenye moja. Mmoja anafungua koki, mmoja anaandika, wanne wanatazama. Baada ya miaka minne wanne hao wanavaa joho na kuitwa wanasayansi, na huenda mkono wao haujawahi kuhisi ile nukta ambapo tone moja zaidi linageuza rangi. Ukiwaajiri katika kiwanda cha sukari, utaanza kuwafundisha upya.

Baada ya vioo huja kemikali. Nitrati ya fedha ni ghali na huisha haraka. Agari ya kuoteshea bakteria isipokuwepo, somo zima la mikrobiolojia hugeuka kuwa hadithi ubaoni. Kisha maji: mtambo wa kukenekia maji huziba kwa chumvi, kijiti chake cha kuchemshia huungua, na bila maji safi hakuna mchanganyiko wowote wa kuaminika. Kisha umeme: unapopotea usiku, sampuli zilizomo kwenye friza huyeyuka na utafiti wa miezi huisha kabla ya mapambazuko.

Na kuna matengenezo, ambayo hakuna mtu hupenda kuyachangia kwa sababu hayapigwi picha. Hadubini katika joto na unyevu wa Kisumu huota kuvu kwenye lenzi. Ikisafishwa mapema na kuhifadhiwa kwenye kabati kavu lenye vifuko vya jeli ya silika, hudumu miongo. Ikiachwa, kuvu hula utando wa kioo na hadubini hubaki pambo. Mizani nayo huhitaji kusahihishwa kwa mawe ya uzito yanayojulikana, la sivyo kila jibu la darasa huwa la kubahatisha.

Anayeyajua haya yote kwa majina na kwa idadi ni fundi wa maabara, yule mzee au mama mwenye koti jeupe lililofifia ambaye alikuazima miwani ya usalama ulipokuwa mwaka wa kwanza. Mpigie simu kabla ya kumpigia naibu chansela.

Nataka kununua mashine moja kubwa na kuimaliza kazi. Kuna ubaya?

Huenda hakuna. Ila uliza kwanza: nani ataihudumia, na yuko Nairobi au ng'ambo? Inatumia kemikali za kampuni moja tu, zinazoagizwa kwa dola? Chumba kina nafasi na umeme wa kutosha? Nani atafundishwa kuitumia, na akihamishwa?

Tumeona mashine nzuri ikikaa ndani ya sanduku lake hadi dhamana ikaisha, kwa kuwa mlango wa chumba ulikuwa mwembamba. Tumeona nyingine ikifanya kazi muhula mmoja, kisha ikangoja kipuri ambacho hakuna aliyekuwa na bajeti yake. Kwa maoni yetu, anayetoa mashine bila kutenga pesa za kuihudumia kwa miaka kadhaa ametoa nusu ya mashine.

Niko Marekani. Mahali ninapofanya kazi wanatupa vifaa vizuri. Nivitume?

Soma kwanza kibandiko kilicho nyuma ya kifaa. Kenya tunatumia volti 240 na herzi 50. Marekani ni volti 120 na herzi 60. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, kiko salama, badilisha plagi tu. Kikiandikwa 120V, 60Hz pekee, usidanganyike na transfoma. Transfoma hushusha volti lakini haigusi herzi. Sentrifuji yenye mota ya zamani itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita, ipate joto, na matokeo yake yatakuwa ya uongo hata kama taa inawaka. Aliye Uingereza hana shida hii, maana umeme na plagi zao ni kama zetu.

Halafu mambo ya bandari. Mpokeaji katika hati awe chuo chenyewe, si wewe wala shemeji yako wa Mombasa. Maombi ya msamaha wa ushuru na karatasi za KEBS, shirika la viwango, zianze kushughulikiwa kabla ya kontena kuondoka huko, kwa sababu likishafika, gharama za kulihifadhi huhesabiwa kwa siku na zinaweza kumeza thamani ya mzigo. Piga picha za kila kifaa kikiwa kinafanya kazi, na utume vitabu vya maelekezo pamoja nacho.

Kemikali usitume. Usizibebe kwenye sanduku la nguo pia, tafadhali. Kuna mtu hujaribu kila mwaka.

Nitoe kiasi gani?

Hakuna kiwango. Tufanye hesabu tu: watu 40 waliomaliza mwaka mmoja wakitoa KSh 500 kila mwezi, kwa mwaka ni KSh 240,000. Ni pesa ambazo hazimuumizi mwalimu wala muuguzi, na huja zikijulikana zinakuja, kwa hiyo idara inaweza kupanga muhula kwa kuzitegemea. Harambee ya siku moja huleta kelele nyingi, ahadi nyingi, halafu mweka hazina hukaa miezi akiwakumbusha watu ahadi zao.

Kwa anayetoa kikubwa kupitia M-Pesa, kumbuka muamala mmoja hauzidi KSh 250,000. Zaidi ya hapo tumia benki.

Bado nalipa HELB. Nichange kweli?

Lipa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwanza. Bodi ile iliundwa mwaka 1995 na pesa zake huzunguka: unachorudisha ndicho anachokopeshwa aliyejiunga mwaka huu. Usiporudisha, riba ya asilimia 4 inaendelea na faini ya KSh 5,000 kwa kila mwezi inajilimbikiza juu yake. Mhitimu aliyemaliza deni lake la HELB tayari amemsomesha mtu, hata kama hajawahi kukutana naye. Ukimaliza, tupo.

Pesa zipitie wapi ili zisipotee?

Hapa ndipo makundi mengi huvunjika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni akaunti rasmi ya chuo au wakfu wake, ikiwa na kasma (fungu la bajeti) yake maalumu yenye jina la idara na kazi. Ukiweka pesa katika akaunti ya jumla bila maelezo, zitalipa bili ya maji, na hakuna atakayekuwa ameiba chochote. Andikeni barua ya makubaliano kabla ya kutuma shilingi ya kwanza: kazi gani, nani anaidhinisha, ripoti lini, na zikibaki ziende wapi. Dai risiti rasmi.

Fahamu pia kwamba pesa zikishaingia chuo cha umma zinafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Bureti haitanunuliwa kesho asubuhi. Kutakuwa na maombi, bei kutoka kwa wauzaji, kamati. Wahitimu wanaoishi ng'ambo hulalamika sana kuhusu hili. Tunawaelewa, lakini sheria hiyo iliwekwa kwa sababu tunazozijua sote.

Njia ya pili ni kundi lenu kununua vifaa lenyewe na kukabidhi vitu badala ya pesa. Ni ya haraka. Inahitaji akaunti ya kundi yenye watia saini watatu wasio wa ukoo mmoja, orodha ya mahitaji iliyotiwa saini na mkuu wa idara, na hati ya makabidhiano inayoingiza kila kifaa katika daftari la mali ya chuo. Bila daftari, kifaa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hutembea.

Njia ya tatu, ya kutuma kwa nambari ya simu ya mhadhiri mnayemwamini, msiifuate. Si kwamba ni mwizi. Siku akistaafu au akiugua, hakuna anayejua pesa ziko wapi, na jina lake jema linachafuka bure.

Je, mchango unapunguza kodi yangu?

Inategemea mpokeaji. KRA, mamlaka ya kodi, huangalia iwapo taasisi iliyopokea ina cheti halali cha msamaha wa kodi. Omba nakala ya cheti na risiti kabla ya kujaza ritani, na tazama tarehe ya mwisho. Mchango kwa kundi la marafiki ambalo halijasajiliwa haukatwi popote.

Ningependa kumsaidia mwanafunzi mmoja badala ya maabara. Inawezekana?

Inawezekana, na kuna pengo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: mradi wa mwaka wa mwisho. Karo inaweza kuwa imelipwa na bado mwanafunzi akakosa nauli ya kukusanya sampuli. Matokeo ni mradi wa kunakili.

Fikiria mwanafunzi wa kemia pale Njoro anayetaka kupima floraidi kwenye visima vya Nakuru. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi kwenye maji, na ndiyo sababu ya meno ya hudhurungi tunayoyaona kwa watoto wengi wa kaunti hii. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kazi ya mwanafunzi huyo inahitaji chupa safi za plastiki, nauli ya matatu na bodaboda, kemikali chache na zamu kwenye kipimo. Si pesa nyingi. Lakini kijiji kitapata kujua ni kisima kipi cha kunywa na kipi cha kufulia.

Au mwanafunzi wa Maseno au wa Kibabii, chuo cha Bungoma, anayefuatilia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kwenye mizizi. Kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita kilikuza mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembeni: desmodiamu hufukuza nondo wa viwavi vya mabua na kuzuia kiduha, matete huwavuta nondo nje ya shamba. Maswali ya udongo wa Vihiga, Busia na Siaya bado ni mengi, na mwanafunzi mwenye shamba la mamake anaweza kuyajibu kadhaa akipewa mbegu na uzio. Gugumaji la Ziwa Victoria nalo halijaishiwa maswali.

Uteuzi ufanywe na idara kwa vigezo vilivyoandikwa, na majina yafichwe msomaji anaposoma maombi. Tunajuana sana huku. Bila hivyo, binamu atashinda.

Na picha: usimpange mwanafunzi akiwa ameshika hundi ya kadibodi kisha ukaisambaza kila mahali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa yake, na ridhaa ya mtu anayehitaji karo si ridhaa ya kujivunia.

Pesa sina. Muda ninao.

Tena wewe ndiye tunayekutafuta. Kila mwaka mamia ya wanafunzi husaka nafasi za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wakibeba barua kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kama unafanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Njoro, ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kupimwa dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, ya aina ya Ug99, neno lako kwa msimamizi lina uzito kuliko barua kumi. Vivyo hivyo kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI pale Kisian, kituo cha miwa cha Kibos, mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria na Menengai, au maabara ya kampuni ya maji ya kaunti.

Usiishie kwenye nafasi. Muulize mwanafunzi atalala wapi. Mwanafunzi wa Kakamega aliyepata atachimenti Naivasha ana kodi ya nyumba ya miezi mitatu na hana mshahara. Chumba cha akiba kwako ni mchango kamili.

Mhadhara mmoja kwa mwaka kwa njia ya mtandao pia unafaa, mradi usiwe wa kusimulia ulivyofanikiwa. Waonyeshe data halisi, makosa yake, na jinsi unavyoandika ripoti ambayo bosi ataisoma.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina nafasi gani?

Kubwa. Kundi la kwanza la CBC, mtaala wa umilisi, liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026 na linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Watakaochagua mkondo wa sayansi katika shule isiyo na maabara watafika chuoni hawajawahi kushika kipimajoto. Kabla ya hapo, idara ya chuo inaweza kufungua maabara yake kwa shule jirani siku za Jumamosi, na wahitimu wakalipia chai na kemikali.

Mfano tunao mlangoni. Peter Tabichi, mtawa Mfransisko aliyekuwa akifundisha sayansi katika shule ya Keriko, Njoro, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, ya dola milioni 1. Alijulikana kwa kutoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wahitaji. Hatumtarajii yeyote afanye hivyo. Lakini wanafunzi wake walifika mashindano ya kimataifa ya sayansi wakitoka shule yenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua.

Mwanasiasa ameahidi kutuletea milioni moja kwenye harambee. Tumwalike?

Mwambieni aweke kwenye akaunti kwanza, kisha tarehe ya sherehe itapangwa.

Tunaweza kuanzisha mfuko wa kudumu, usioisha?

Ndiyo, mkiwa na subira. Pesa za msingi haziguswi, faida tu ndiyo hutumika. KSh 1,000,000 ikizaa asilimia 10 kwa mwaka inaleta KSh 100,000, na bado ile milioni ipo, ingawa mfumuko wa bei unaitafuna polepole, kwa hiyo sehemu ya faida irudishwe ndani. Hati za dhamana za serikali zinanunuliwa kupitia Benki Kuu kuanzia KSh 50,000, na wadhamini wengi wa mifuko huanzia hapo. Kisichofaa ni kununua ploti. Ploti za makundi huleta kesi.

Ushauri wetu: msianze na mfuko. Anzeni na michango ya kila mwezi kwa miaka michache mwone nani anabaki.

Jina langu litawekwa ukutani?

Ukitaka. Idara nyingine hubandika karatasi ndogo kwenye kabati: "Vioo hivi vilitolewa na darasa la mwaka fulani." Tunaipenda kuliko marumaru, kwa sababu ni majina ya wengi.

Nilisomea historia. Nichangie sayansi kwa nini?

Hulazimiki. Ila maabara huhitaji pia watu wa kuandika barua za maombi ya ufadhili, wahasibu wa kukagua vitabu na mawakili wa kusoma mikataba. Kundi la wanasayansi watupu huwa halijui kuandika kumbukumbu za mkutano.

Mnapokea vitabu na kompyuta za zamani?

Vitabu vya hesabu, fizikia ya msingi na kemia ya msingi, ndiyo, hata vya miaka mingi. Vya baiolojia ya molekuli na programu za kompyuta, ikiwa vimepitwa na wakati, viacheni. Kompyuta tunapokea zile zinazowaka, zenye chaja zake, na zilizofutwa faili za mwenye nazo wa kwanza. Zisizowaka zipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kwa sababu chuo kikishazipokea huzilinda stoo kwa miaka kikingoja kibali cha kuzitupa.